Anayewaka Hukaa Nyuma

Huku kwetu Las Garzas mjane hapimwi kwa machozi, anapimwa kwa rangi ya nguo. Mama yangu alivaa nyeusi miaka saba baada ya baba kufa, mpaka soksi, mpaka kitambaa cha kufunikia kikapu cha mayai, na siku alipozikwa yeye mwenyewe watu walisema, huyu alikuwa mwanamke. Mimi nimekulia ndani ya weusi huo. Kwa hiyo kaka yangu Eliécer alipofariki, Agosti ya mwaka juzi, moyo ulipomsimama akiwa juu ya ngazi anafunga nailoni ya banda la maua, sikungoja kuambiwa la kufanya. Nililia, nikapika, nikaongoza sala za siku tisa, na siku ya kumi nikateremsha sufuria kubwa ya mama kutoka darini.

Sufuria ile haijawahi kupikiwa chakula. Ni ya kutia nguo rangi. Unachemsha maji, unamimina pakiti za rangi nyeusi na konzi ya chumvi, unatumbukiza nguo za wafiwa, kisha unakoroga kwa mti mpaka mkono ukatae. Nilianza na zangu, maana nilikuwa dada wa marehemu. Halafu nikaingiza za mjane.

Mjane alikuwa Dilia, wifi yangu, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Yeye na Eliécer hawakupata watoto. Tulikaa wote watatu katika nyumba aliyotuachia mama, na wote watatu tulifanya kazi shamba moja la mawaridi, kilometa tisa kutoka nyumbani. Eliécer alitengeneza mabanda na aliingia kazini saa moja, jua limeshatoka. Mimi na Dilia tulikuwa wakataji, na wakataji huanza saa kumi na moja na nusu, kwa sababu waridi likishapigwa na joto linafunguka na mnunuzi halitaki tena. Hapo ni kupanda baiskeli gizani, kwenye ukungu wa kukata masikio, katika barabara isiyo na pembeni. Mkono huu mfereji, mkono huu malori.

Baiskeli zetu zilikuwa na dinamo inayowasha taa ya mbele. Taa hiyo inakuonyesha shimo, haimwonyeshi dereva aliye nyuma yako kwamba upo. Taa ya nyuma ya Dilia iliibwa mara mbili kwenye banda la baiskeli pale shambani. Badala ya kununua ya tatu Eliécer alisema basi, nitaweka kitu ambacho mwizi itabidi aibe na mwenye nacho. Akaleta tepe za riflekta, zile za kijivu ambazo taa ikizipiga zinawaka, akakaa jikoni siku mbili na mkasi wa mama wenye pengo, anakata, anashona. Jaketi la kijani la Dilia likajaa mistari mgongoni, mabegani na mikononi. Kila jioni kabla ya kulala alilitundika kwenye kamba uani, akarudi nyuma hatua ishirini, akalimulika kwa tochi.

"Unaona?" anamwambia mkewe. "Hata kipofu atakukwepa."

Wakataji wenzetu njiani walimwita Dilia Mnara, ule wa kumulikia meli. Tukiwapita asubuhi unasikia mmoja anasema, "Dilia, zima basi, wenzio hatujaamka." Yeye anacheka, anapiga kengele.

Eliécer ndiye aliyetuwekea utaratibu. Aliusema mezani, mdomo umejaa mkate wa mahindi. "Anayewaka anakaa nyuma. Leonilde, wewe utatangulia. Lori likitoka nyuma litamwona Dilia, na likimkwepa yeye limekukwepa na wewe."

"Na mimi tepe zangu ziko wapi?" nikamuuliza.

"Wewe dada unahitaji tepe ya nini? Sauti yako inafika saa moja kabla ya baiskeli."

Tulicheka. Lakini niliona zilizobaki, vipande alivyokwisha kukata amevikunja ndani ya kopo la biskuti, na alisema atanishonea akipata nafasi. Hakupata nafasi. Mimi nilimlea Eliécer tangu ana miaka tisa, nikamfulia, nikamtafutia kazi, na sindano aliyoishika mara moja tu katika maisha yake aliishika kwa ajili ya mwanamke mwingine. Nasema hili kwa sababu lazima lisemwe. Lilikuwa ndani yangu hata kabla ya msiba.

Siku ile ya sufuria Dilia alinipa kila kitu isipokuwa jaketi. "Hili ni la kazi, wifi," akasema, nami nikaliacha. Wiki ya tatu, Doña Hermencia, jirani yetu ambaye dirisha lake halijawahi kufungwa, alinikamata mlangoni pa duka la mkate.

"Leonilde, jana alfajiri niliona kitu kinameremeta barabarani nikasema sarakasi imefika. Kumbe ni mjane wa kaka yako."

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakainamisha vichwa ili wacheke vizuri. Nilirudi nyumbani uso umenivimba kwa aibu, nikawasha moto uani.

"Dilia, lete lile jaketi."

"La kazini? Wifi, hilo ndilo linalonifikisha."

"Kinachokufikisha ni miguu yako. Lete."

"Na tepe zake? Hazitakufa?"

"Rangi inashika kitambaa, haishiki plastiki. Mchana zitabaki na kijivu chake, usiku zitawaka. Mimi nimeanza kutia nguo rangi wewe bado unanyonya."

Alisimama nalo kifuani kidogo. Halafu akanipa, kwa sababu nilikuwa wifi mkubwa na nyumba ilikuwa ya mama yangu, na kwa sababu aliniamini. Nililichemsha saa nzima. Nilikoroga kwa hasira ya maneno ya Hermencia, na kwa hasira nyingine ya zamani ambayo sikuiita jina.

Jioni nilichukua tochi ya Eliécer. Jaketi lilikuwa limetundikwa kwenye kamba, limekauka, jeusi safi, na tepe zimekuwa za kijivu kilichokolea, zimekunjamana kidogo. Nilirudi nyuma hatua ishirini kama alivyokuwa anafanya yeye. Nikamulika. Hakikurudi kitu. Nilisogea hatua kumi, nikamulika tena, na ilikuwa kama kumulika mdomo wa kisima. Nikajisemea, sasa ni mjane. Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo hayo. Nikazima tochi, nikaingia ndani kunywa supu ya viazi.

Dilia hakulipima. Kulipima ilikuwa kazi ya Eliécer, na tochi ile hakutaka hata kuitazama. Alivaa jaketi asubuhi yake, akapanda baiskeli, akakaa nyuma yangu. Nami nikatangulia.

Watu huuliza, ulikuwa unawaza nini? Siku za mwanzo niliwaza kila asubuhi. Nilijiambia wiki ijayo nitamtafutia kizibao cha riflekta akivae juu, akifika tu barabarani, mahali ambapo Hermencia haoni. Wiki ijayo ikawa Oktoba, Oktoba ikawa Krismasi, na kwa kuwa hakuna lililotokea nikaanza kuona kwamba hakuna litakalotokea. Mtu anaweza kuzoea chochote, hata kumtembeza mwenzake ukingoni mwa shimo kila siku.

Januari shamba linageuka wazimu, kwa sababu katikati ya Februari watu wa nchi za ng'ambo wanapeana mawaridi na wote wanayataka siku moja. Saa ya kuingia ikarudishwa nyuma hadi kumi na nusu. Tulitoka nyumbani saa tisa na dakika arobaini, tumekunywa maji moto ya sukari guru tu. Ukungu siku hiyo ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuliona hata gurudumu langu la mbele. Tulikuwa tunazungumza, kwa sababu gizani ndivyo unavyojua mwenzako yupo.

"Wifi, punguza mwendo," Dilia akasema. "Mnyororo unanicheza."

"Ungekuwa na nyama kidogo huko juu, mnyororo ungetulia."

"Nyama zote umezichukua wewe, ndiyo maana matairi yako hayana upepo."

Nilikuwa nacheka. Nikasikia makopo ya maziwa yanagongana nyuma yetu, nikajua ni lori la Don Clímaco, mzee anayezunguka mashamba kukusanya maziwa tangu nikiwa msichana. Nilisogea pembeni. Nikangoja kusikia breki, au honi, maana yeye hupigia honi watu wote anaowajua. Sikusikia breki. Nilisikia mlio wa chuma na kitu kizito kinaburuzwa, halafu makopo yanaanguka moja moja, halafu breki.

Don Clímaco alishuka kabla lori halijasimama vizuri. Alivua blanketi zito alilovaa shingoni, akamfunika Dilia pale kwenye majani, akapiga magoti. Alikuwa anarudia jambo moja. "Sikumwona. Mungu wangu, Leonilde, sikumwona. Niliona mwanga kidogo mbele nikajua ni mtu yuko mbali." Mwanga huo ulikuwa wa taa yangu ya mbele, ukungu ulivyoutawanya.

Hospitali walimkata Dilia mguu wa kushoto chini ya goti. Jaketi lilikuwa limepasuliwa kwa mkasi, wakanikabidhi mimi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na viatu viwili. Nililipeleka nyumbani, nikalitia ndani ya ile sufuria, nikapanda darini na sufuria yote, nikaisukuma mpaka mwisho wa boriti.

Dilia alipoanza kusema, neno la kwanza alilomwambia ofisa wa usalama barabarani aliyekuja kuandika maelezo lilikuwa hili: "Aliniona. Nilikuwa nawaka. Mume wangu alinishonea tepe mgongo mzima, mtu mwenye macho hawezi kukosa kuniona. Huyo mzee alikuwa amelewa au amelala."

Ofisa akanigeukia. "Jaketi liko wapi?"

"Hospitali walilitupa," nikasema. "Lilikuwa damu tupu."

Aliandika. Nilimwona anaandika, na ningeweza kumshika mkono. Lakini Dilia alikuwa ananitazama kutoka kwenye mto, amenishika kidole kimoja kama mtoto anayevushwa barabara, na mimi nikaona nikisema nitabaki na nani? Mama hayupo, Eliécer hayupo. Nilikuwa na Dilia tu. Niliogopa kumpoteza, hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Lori la Don Clímaco likazuiliwa na leseni yake ikachukuliwa mpaka shauri liishe. Pale kijijini hakuna aliyesubiri liishe. Mzee aliyekuwa anasalimiwa mpaka na mbwa akawa anaepukwa njiani. Mtu akasema alimwona na chupa usiku wa kuamkia siku ile, mwingine akasema hapana, chupa mbili. Maziwa akapewa mtu mwingine. Mwezi wa Machi alikuja nyumbani kwetu, akasimama nje ya lango, kofia mkononi.

"Leonilde, unanijua miaka mingapi?"

"Mingi, Don Clímaco."

"Umewahi kuniona nimelewa?"

"Sijawahi."

"Basi niambie wewe uliyekuwepo. Alikuwa anawaka? Kwa sababu nalala, naamka, naiona barabara ile, na ndani yake hakuna kitu. Nikisikia watu wanasema mama huyu alikuwa anawaka kama mnara, nasema labda nina wazimu. Niambie tu, nikajitibu."

Nilimwambia sikugeuka nyuma, sikuona. Akavaa kofia yake. "Asante, binti yangu," akasema, akaenda zake kwa miguu.

Mimi nilimuuguza Dilia miezi sita. Nilimwogesha, nilimfundisha magongo, nilimpikia mayai ndani ya maziwa kila asubuhi, nilimchana nywele. Hajawahi mgonjwa kupata muuguzi kama mimi, na kila aliponishukuru nilitamani anitukane. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na wangu ulikuwa umeingia mahali ambapo hata kuuonyesha siwezi.

Tarehe kumi na sita Julai ni sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mama wa madereva. Malori yote na mabasi na matrekta hupambwa kwa maputo na maua, yanapita kijijini yakipiga honi mpaka masikio yazibe, na padri anayanyunyizia maji ya baraka. Miaka ishirini na kitu sanamu ya Bikira ilipanda lori la Don Clímaco. Mwaka huo ilipanda la mtu mwingine. Mimi na Dilia tulikaa kwenye viti mlangoni, yeye na blanketi mapajani, tunatazama. Malori yalipokwisha, nyuma kabisa, baada ya pikipiki, tukamwona Don Clímaco anatembea kwa miguu na mshumaa uliozimika. Amevaa shati jeupe la kupigwa pasi. Pande zote mbili za barabara watu walitazama pembeni.

Nilidhani Dilia atatema mate. Alimtazama mpaka akapita.

"Amekonda," akasema.

"Ndiyo."

"Wifi, unajua nawaza nini siku hizi? Mtu anayedanganya hatembei hivyo." Akawa anavuta uzi wa blanketi. "Labda kweli hakuniona. Labda tepe zilikuwa mbovu. Eliécer alizinunua sokoni, wale watu wanauza kila takataka. Au hakuzishona vizuri. Alikuwa fundi wa nailoni, si fundi cherehani. Alijisifu tu na tochi yake, na mimi nikamwamini, nikaenda kujilaza mbele ya lori."

Nilikuwa nimebeba aibu ya Don Clímaco miezi sita na niliweza kuibeba. Hilo linaonyesha mimi ni mtu wa namna gani. Lakini kumsikia Dilia anamtia kaka yangu makosani, Eliécer aliyekaa jikoni siku mbili akijichoma vidole kwa sindano, hilo mgongo wangu ulikataa. Nilisimama. Nikaingia ndani, nikaweka ngazi, nikapanda darini. Nilishuka na sufuria, nikaiweka sakafuni mbele ya kiti chake, nikatoa jaketi ndani ya mfuko. Lilikuwa limekauka likawa gumu.

"Hawakulitupa," nikasema.

Nilifunga mlango na dirisha, chumba kikawa giza, nikamletea ile tochi ya Eliécer, nikasimama ukutani nimelishika jaketi kwa mabega. Hakuwa ameishika tochi hiyo tangu mazishi. Aliiwasha. Akamulika tumboni, akamulika mikono, akaniambia geuza, akamulika mgongo. Nje honi zilikuwa bado zinalia kwa mbali. Niliona mwanga unatembea juu ya kitambaa, unapita kwenye mistari, haukamatwi na chochote.

"Eliécer alishona vizuri," nikasema. "Tepe zilikuwa nzuri. Ni sufuria. Zilikufa ndani ya sufuria."

"Uliniambia rangi haishiki plastiki."

"Nilikuambia."

"Hukujua."

Alinipa mlango, maskini. Ningeweza kutokea hapo. Hukujua, basi ni bahati mbaya, ni ujinga wa mwanamke mzee na mila zake, tungelia wote wawili na kesho ningempikia mayai.

"Nilijua," nikasema. "Nilikipima kitu hiki jioni ile ile, kwa tochi hiyo uliyoshika. Nikafurahi."

Tochi ilibaki inawaka usoni kwangu. Sikumwona yeye, niliona mwanga tu. Nikasubiri anitukane, nilikuwa na njaa ya kutukanwa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejaribu kukumbuka njia.

"Kila asubuhi," akasema. "Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Ulijua, na kila asubuhi ukatangulia."

Nikalikunja jaketi, nikalirudisha ndani ya mfuko.

Asubuhi yake nilikwenda kwa yule ofisa na jaketi mkononi, nikasema yote, nikatia sahihi. Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuniandika katika fomu yake asipaone. Don Clímaco alirudishiwa leseni na lori. Nilikwenda kwake pia. Alikuwa anaosha makopo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwaga maji, akasema, "Miezi sita, Leonilde, nilidhani nimepoteza akili." Akaendelea kuosha. Sasa tukikutana barabarani hunipigia honi, mara moja, fupi, kama anavyowapigia watu asiowajua.

Hermencia alisema kijijini kwamba yeye siku zote aliona lile jaketi limezidi weusi. Sikumjibu, na wanaonijua watakuambia hilo ni jambo la kuandikwa ukutani.

Dilia alihamia kwa dada yake, kule karibu na kanisa. Alichukua nguo zake, magongo, cherehani ya mkono na lile kopo la biskuti. Sufuria aliniachia. Dada yake alipokuja na gari la mizigo nilisimama jikoni ili asilazimike kuniaga, naye hakuniaga.

Baada ya miezi miwili mitatu nikaanza kuwaona alfajiri. Kwanza mwanamke mmoja anayenipita anawaka mgongo, halafu wawili, halafu kundi zima la wakataji, mistari mabegani na mikononi, wanaonekana kutoka mbali kabla hujasikia kengele zao. Dilia alikuwa anawashonea. Anakaa dirishani kwa dada yake na cherehani, wanamletea majaketi, na hamrudishii mtu nguo yake kabla ya kuimulika kwa tochi. Waliniambia hata vizibao vya wafiwa anavishona. Mjane mmoja alimpelekea koti jeusi kwa aibu, anauliza kama inafaa. Dilia alimwambia, "Marehemu hakukuoa ili usionekane."

Mimi nilikuwa bado nimevaa jaketi langu jeusi, lile nililolitia rangi mwenyewe, bila hata uzi wa kuwaka. Nilijiambia ndiyo haki yangu. Nilikuwa napanda baiskeli peke yangu, na wanawake walinipita wakisema, "Doña Leonilde, utakufa," bila mzaha. Yelitza, msichana wa chumba cha kufungia maua, aliyekuwa anapeleka nguo za wenzake kwa Dilia, alinivua jaketi siku moja saa ya chakula, hakuniomba. "Litakuwa katikati ya mengine," akasema. "Hatajua la nani."

Nilicheka moyoni. Dilia ameishi nami miaka kumi na moja, amelifua jaketi lile, ameshona vifungo vyake.

Lilirudi Ijumaa. Yelitza alilileta limekunjwa ndani ya gazeti. Nililifungua pale pale katikati ya ndoo za mawaridi. Mgongo mzima ulikuwa mistari, mabega, mikono, mpaka ukosi. Nilitazama ncha za tepe. Kila moja ilikuwa na kijino kidogo pembeni, mahali mkasi wa mama wenye pengo ulipopita. Zilikuwa zile za kopo la biskuti, alizokata Eliécer kwa mkono wake na asipate nafasi ya kuzishona.

"Alisema nini?" nikamuuliza Yelitza.

Msichana alitazama viatu vyake. "Hakusalimia, Doña Leonilde. Nikisema vingine nitakuwa nadanganya. Alilijua jaketi hata kabla sijaliweka mezani. Alilishona la kwanza, akalimulika, akalimulika tena. Halafu akasema nikupe ujumbe."

"Upi?"

"Akasema, mwambie sasa yeye ndiye akae nyuma."

Tangu siku hiyo sitangulii. Wanawake wa Las Garzas tunatoka pamoja saa kumi na moja kasoro robo, tukiwa kumi na wawili, wakati mwingine kumi na watano, nami nawasubiri wote wapite langoni kwangu ndipo napanda. Lori likija kutoka nyuma naona kivuli changu kinarefuka mbele yangu juu ya lami, nasikia linapunguza mwendo, linahama. Nangoja lipite. Halafu nahesabu migongo iliyo mbele yangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka nijue wote wapo.